Kupima hewa ya dereva wa daladala: mahali kazi inapoharibikia

Utafiti unaomkutanisha daktari, mtaalamu wa mazingira na fundi wa magari huonekana mwepesi ukiwa kwenye karatasi. Mmoja apime mapafu, wa pili apime hewa, wa tatu akague injini, kisha namba zote ziingizwe kwenye jedwali moja. Waliofanya kazi hii Dar es Salaam wanajua kwamba kila mmoja anaweza kutimiza sehemu yake vizuri kabisa na jedwali likatoka bovu. Makosa mengi huzaliwa kwenye makabidhiano: daktari anapopokea namba ya hewa bila kuuliza imepatikanaje, mtu wa hewa anapoandika "gari la dizeli" bila kujua injini iliyomo, na fundi anapoamini kwamba kipimo cha moshi mweusi kinatosha kueleza kila kinachotoka kwenye ekzosi. Yafuatayo yamepangwa kwa mfuatano wa kazi yenyewe, kuanzia vibali hadi siku dereva anapopewa majibu yake.

Vibali na mizigo

Utafiti unaogusa afya ya watu Tanzania Bara unahitaji idhini ya kimaadili, na ya kitaifa hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Ukiwa na mwenzako wa kutoka nje, kuna kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, pia. Kwa Kenya, kamati ya maadili hutangulia, leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, hufuata. Baada ya hapo barua hushuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, kata, mtaa. Wengi huidharau hii ya mwisho, na ndiyo itakayokuokoa kituoni. Kijana aliyevaa mfuko wenye waya, mpira wa hewa na pampu inayovuma hushtua abiria na askari vilevile. Tumia mfuko unaoonyesha vilivyomo, bandika jina la mradi na namba ya simu, na uonane na viongozi wa kituo kabla kifaa cha kwanza hakijawashwa.

Kwa upande wa vifaa, mitego ni miwili. Mashine rejea ya kupimia chembe za vumbi na moshi hewani, BAM-1020, hutumia chanzo kidogo cha mionzi ya beta, kaboni-14, kwa hiyo Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC) ina neno lake kabla mzigo haujatoka bandarini au uwanja wa ndege. Mtego wa pili ni ule ukanda wa poloniamu-210 unaoondoa umeme tuli kwenye filta kabla ya kupima uzito. Nao ni wa mionzi, na nusu-uhai wake ni siku 138 tu. Ukinunua mmoja ukakaa forodhani miezi kadhaa, unaupokea ukiwa umekwisha nusu ya nguvu. Baada ya mwaka hauna maana. Nunua kiondoa umeme tuli kinachotumia umeme wa kawaida, uachane na makaratasi hayo.

Bajeti nyingi zinataja vifaa, posho na mafuta, zinasahau muda wa dereva. Dereva wa daladala anadaiwa hesabu ya mwenye gari kila jioni, gari litembee lisitembee. Ukimkalisha saa moja na nusu apulize kwenye spirometa, kifaa cha kupima nguvu ya mapafu, asubuhi, umemnyima tripu za wakati abiria ni wengi. Fidia isipolingana na hasara hiyo, atakayekubali ni yule ambaye siku hiyo hana gari, na mtu huyo hakuvuta moshi unaotaka kuupima. Fidia ikizidi sana, kamati ya maadili itakuuliza kama unanunua ridhaa, na itakuwa na haki. Kaa na madereva wenyewe mkokotoe hasara ya tripu, mwandike kiasi hicho kwenye ombi la maadili na jinsi mlivyokifikia.

Kuna ridhaa mbili hapa, ya dereva na ya mwenye gari. Wote wawili wana hofu moja: namba ya gari kumfikia trafiki au LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Namba za usajili zibadilishwe kuwa misimbo siku hiyohiyo, na daftari la kuoanisha likae kwa mtu mmoja, chini ya kufuli. Waambieni hivyo kwa maneno hayohayo.

Nani amekaa kwenye usukani

Mpango wa kawaida husema "dereva wa gari namba fulani". Daladala haiendi hivyo. Dereva akichoka au akiwa na shughuli, anaingia deiwaka. Deiwaka huyo kesho yuko kwenye gari lingine lenye injini nyingine na njia nyingine. Ukimpa mtu kipimo cha hewa kwa kufuata gari alilosajiliwa nalo, siku kadhaa za wiki utakuwa umempa hewa ya mwenzake. Kifaa kifuate mtu, na kila siku iandikwe: gari gani, njia gani, nani kaendesha kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi.

Konda naye ni suala lake. Amesimama mlangoni, nusu ya mwili nje, anashuka kila kituo usawa wa ekzosi ya gari lililo mbele. Kifaa kilichofungwa kwenye dashibodi hakisemi lolote juu ya pua ya konda. Kanuni ya usalama wa kazini ni kwamba mdomo wa kifaa uwe ndani ya sentimita 30 kutoka puani, na hapa kanuni hiyo haina mjadala. Wapiga debe wanaoshinda kituoni ni kundi la tatu, linalovuta moshi kwa namna yake. Usiwachanganye na madereva ili kukuza sampuli.

Halafu kuna wale usiowaona. Dereva aliyeanza kukohoa na kuishiwa pumzi huenda aliacha kazi miaka iliyopita, akafungua duka. Waliobaki barabarani ni wale ambao mapafu yao yamestahimili. Ukiwalinganisha na wauza maduka, madereva wanaweza kutoka wakiwa na mapafu mazuri zaidi, na asiyeijua hali hii ataandika kwamba moshi hauna madhara. Dawa yake, japo si kamili, ni kuwatafuta walioacha, kwa kuuliza kila dereva majina ya wenzake wa zamani wa njia hiyo, na kuwapima nao. Kazi hiyo inachosha na ina simu nyingi zisizopokelewa.

Sensa rahisi, filta, na kaboni nyeusi

Sensa ndogo za mwanga kama PMS5003 ya Plantower hupatikana kwa chini ya dola 50, ilhali mashine rejea hugharimu makumi ya maelfu. Hakuna ubaya kuzitumia, ilimradi ujue zinaona nini. Karatasi ya mtengenezaji yenyewe inasema sensa hiyo hukamata nusu tu ya chembe za mikromita 0.3, na asilimia 98 ya zile za 0.5 kwenda juu. Masizi mapya ya dizeli mengi ni madogo kuliko 0.3. Isitoshe, masizi hunyonya mwanga, wakati sensa inategemea mwanga unaotawanyika. Kwa hiyo gari linalotema moshi mweusi mbele yako linaweza kupita na sensa isishtuke sana, kisha ikaruka juu kwa vumbi la barabara ya udongo au moshi wa taka zinazochomwa.

Pwani inaongeza tatizo lake. Chembe za chumvi ya bahari hunyonya maji na kuvimba unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75, na Dar es Salaam hufika hapo usiku na alfajiri mara nyingi. Chembe iliyovimba hutawanya mwanga mwingi, sensa inasoma PM2.5 (chembe zisizozidi mikromita 2.5) kubwa ambayo kwa uzito mkavu haipo. Wengi hukimbilia fomula ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, ya kurekebisha PurpleAir, kifaa kinachotumia sensa za aina hii: zidisha usomaji kwa 0.524, toa 0.0862 mara unyevu, ongeza 5.75. Ni fomula nzuri kwa data iliyotengenezewa, yaani hewa ya Marekani. Hapa tengeneza yako. Weka sensa zote kando ya mashine rejea, karibu na barabara na si juu ya paa la chuo, angalau wiki mbili kabla ya kazi na wiki mbili baada, kisha rudia msimu ukigeuka. Marekebisho ya kiangazi hayafai masika. Wiki mbili za mwisho ndizo watu huziruka kwa uchovu, na bila hizo huwezi kujua ni sensa zipi zilizochakaa katikati ya safari.

Kwa kipimo cha mtu mmoja mmoja, filta bado ndiyo shahidi wa kuaminika: filta ya Teflon ya milimita 37, saikloni ya kutenga PM2.5, na pampu ya mkanda. Fanya hesabu kabla ya kununua. Saikloni ya lita 1.5 kwa dakika ikivuta saa 12 inapitisha hewa mita za ujazo 1.08. Hewa ikiwa na mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo, filta inaongezeka mikrogramu 54 tu. Sasa fikiria kwamba filta tupu, iliyobebwa hadi barabarani na kurudi bila kuvuta hewa, inaruhusiwa na EPA kutofautiana hadi mikrogramu 30. Zaidi ya nusu ya kipimo chako inaweza kuwa jasho la vidole na unyevu wa chumba. Una njia mbili. Tumia kitenga chembe cha lita 4 kwa dakika, saa 12 zile zile zinakupa mita za ujazo 2.88 na mikrogramu 144, kwa gharama ya pampu nzito yenye kelele na betri inayokwisha mapema. Au filta moja ivute zamu mbili za mtu yuleyule. Sisi tunapendelea ya pili kwa madereva, kwa kuwa pampu yenye kelele huzimwa na aliyeivaa mara mgongo wako ukigeuka.

Mtiririko upimwe kabla na baada, kwa kipima mtiririko chenyewe na si kwa kuamini skrini ya pampu. Tofauti ikizidi asilimia 10, filta hiyo haina kazi. Sababu si ujazo wa hewa peke yake: saikloni hutenga chembe kwa kasi ya mzunguko, na mtiririko ukishuka chembe kubwa kuliko 2.5 zinaanza kupenya. Unakuwa umepima kitu kingine, na hakuna hesabu ya kukirudisha.

Chumba cha mizani ndicho kinachoua miradi ya pwani. Filta zinatakiwa kukaa saa 24 kwenye nyuzi 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40 kabla ya kupimwa, mwanzo na mwisho, kwenye mizani inayosoma mikrogramu 1. Kiyoyozi cha kawaida hakishushi unyevu hadi hapo, na umeme ukikatika usiku unaanza upya. Njia ya bei nafuu inayofanya kazi: sanduku lisilopitisha hewa, chini yake trei ya magnesi kloridi iliyokorogwa na maji hadi chumvi nyingine ibaki bila kuyeyuka. Mchanganyiko huo hushikilia unyevu karibu asilimia 33 wenyewe, umeme uwepo usiwepo. Weka kipima unyevu ndani, na ongeza chumvi pale inapoisha kuonekana. Pima kila filta mara mbili. Zikitofautiana kwa mikrogramu kadhaa, ya tatu. Kwa kila filta 10, moja iwe tupu ya kusafiri, ishike njia ileile, ifunguliwe na kufungwa pale pale penye vumbi.

Baada ya uzito, usikimbilie kuiharibu filta. Pima weusi wake kwa mwanga unaorudi, kisha elementi kwa eksirei. Vyote viwili huiacha salama. Silikoni, alumini na kalsiamu zikiwa nyingi, sehemu kubwa ya uzito huo ni udongo wa barabarani, haikutoka kwenye ekzosi ya mtu. Ukitaka kutenganisha kaboni ya elementi na kaboni ya organiki kwa joto, Teflon haifai, utahitaji filta ya kwatzi (quartz) sambamba.

Kwa masizi ya dizeli hasa, kuna aethalometa ndogo ya mfukoni, microAeth, inayopima kaboni nyeusi kwa mwanga wa nanomita 880. Ni kifaa kizuri chenye tabia tatu za kukumbuka. Kijipande chake cha filta hujaa haraka barabarani, na kikijaa kinasoma pungufu. Kibadilishwe kila zamu hata kama kinaonekana bado. Mtikisiko wa gari huleta miruko ya uongo, kwenye bodaboda ndiyo balaa. Na ukirekodi kila sekunde utaona namba hasi nyingi. Namba hasi hizo ni kelele ya kifaa upande wa chini, kama ilivyo kelele ya upande wa juu. Anayezifuta ameacha kelele ya juu peke yake na kuupandisha wastani. Lainisha data kwa muda mrefu zaidi, usifute.

Umuhimu wa kaboni nyeusi ni huu: Juni 2012 IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la 1, vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. PM2.5 peke yake haikuambii ni kiasi gani cha uzito huo ni dizeli.

Injini iliyo kwenye kadi na injini iliyo chini ya kiti

Kadi ya gari inaeleza injini iliyoingia nchini. Kwenye HiAce inayofanya kazi ya daladala, injini hubadilishwa, na kadi inaweza kubaki nyuma. Fungua kiti cha mbele usome namba iliyochongwa kwenye bloku. 5L ni dizeli ya zamani ya cc 2,986, haina tabo (turbo). 2KD ni dizeli ya kisasa zaidi yenye cc 2,494, 1KD ina cc 2,982, zote zina tabo na nozo za umeme. 1TR na 2TR ni za petroli. Kuziweka zote kwenye safu ya "HiAce" ni kupoteza swali lenyewe, maana 5L yenye nozo zilizochoka na 2TR yenye afya hazina moshi wa jamii moja.

Kwa kuwa injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele, kagua mpira wa kuziba kwenye kifuniko chake, gasketi ya manifoldi na viungo vya bomba la ekzosi. Mpira ukiwa umeliwa, dereva anapumua moshi wa gari lake mwenyewe. Mtaalamu wa hewa akiona kiwango kikubwa cha kaboni nyeusi ndani ya gari hilo, atalaumu foleni ya Ubungo, kumbe tatizo linatibika kwa mpira na boliti. Fundi awe na fomu yake ya ukaguzi, na ijazwe siku ileile ya kipimo cha hewa, kwa sababu gari likipita gereji wiki inayofuata ushahidi unaondoka.

Kipimo cha moshi wa dizeli kinachojulikana ni kile cha kupiga resi gari likiwa nyutro hadi kikomo, huku kipima ukungu, yaani kinachosoma uzito wa moshi kwa mwanga, kikisoma bombani. Injini iwe imepata joto la kazi sawasawa, resi za kwanza ni za kusafisha bomba na hazihesabiwi, kisha wastani wa tatu zinazokaribiana. Kwa viwango vya Ulaya, injini isiyo na tabo haitakiwi kuzidi 2.5 kwa mita, yenye tabo 3.0, na yaliyosajiliwa kuanzia Julai 2008 kwa ujumla 1.5. Gari likipimwa likiwa baridi litafeli bila kosa.

Hapa kuna hatari ambayo kwenye ombi la maadili haionekani kabisa. 5L, 2KD na 1KD zote hutumia mkanda wa taimingi. Mkanda uliopitiliza muda wake, ukipigwa resi hadi kikomo mara sita, unaweza kukatika, na ukikatika valvu zinagonga pistoni. Ni nani atakayelipa injini? Mwulize mwenye gari mkanda ulibadilishwa lini, kama hakuna jibu la uhakika au taa ya taimingi inawaka, usipige resi. Angalia oili pia na uvujaji wa tabo. Andika kwenye ridhaa wajibu wa mradi endapo gari litaharibika wakati wa kipimo, na uwe na fedha hiyo mkononi. Gari moja likifia mikononi mwenu, habari inafika kituo kizima kabla ya jioni.

Baadhi ya magari ya dizeli kutoka Japani huja na kichujio cha masizi. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la nyuzi karibu 600, joto ambalo gari linalosimama kila kituo halifikii kirahisi. Kinaziba, taa inawaka, gari linakosa nguvu, na gereji inakitoboa. Kutambua kilichotobolewa hakuhitaji mashine: ingiza kitambaa cheupe mdomoni mwa bomba, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Bomba lenye kichujio kizima huwa safi ndani. Kikitoka cheusi, kichujio hakipo au kimepasuka, hata kama kopo lake bado linaning'inia mahali pake.

Kipimo cha resi hakioni oksidi za nitrojeni wala chembe ndogo kabisa. Watafiti wa West Virginia University walifunga vipimo ndani ya magari na kuyaendesha barabarani, na ripoti yao ya 2014 ikaonyesha Jetta ya dizeli ikitoa oksidi za nitrojeni mara 15 hadi 35 ya kikomo cha Marekani, ilhali gari la namna hiyo lilifaulu maabara. Septemba 2015 EPA ikatangaza kwamba Volkswagen ilikuwa imeficha programu ya kuhadaa kipimo. Moshi mweusi haukuwa sehemu ya kesi ile hata kidogo. Kwa hiyo gari linalopita kipimo cha ukungu liandikwe "halikutoa moshi mweusi", na fundi asikubali daktari alibadilishe kuwa "gari safi".

Jambo dogo la mwisho kwa upande huu: vifaa vya bei rahisi vya kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ya kusomea kompyuta ya gari, mara nyingi haviongei na magari ya soko la Japani, hasa ya zamani, na vikiachwa usiku kucha hunyonya betri. Asubuhi gari lisipowaka, utalaumiwa wewe hata kama betri ilikuwa imekufa tayari.

Mapafu

Spirometa ikaguliwe kila asubuhi kwa bomba la kusukuma hewa la lita 3. Isome kati ya 2.91 na 3.09. Kila mtu na kichujio chake kipya cha bakteria. Kabla ya kupuliza, uliza kikohozi cha wiki mbili au zaidi, makohozi ya damu, jasho la usiku na kupungua uzito. Anayejibu ndiyo anaelekezwa kupima kifua kikuu kwanza, na hapulizi siku hiyo. Aliyefanyiwa upasuaji wa macho au kupata mshtuko wa moyo hivi karibuni naye asipulize. Anayepuliza asiwe amevuta sigara ndani ya saa moja iliyopita.

Mtu anatakiwa kutoa mipulizo mitatu inayokubalika, miwili iliyo bora ipishane kwa kisichozidi mililita 150, na asizidi majaribio 8. Madereva wengi hupuliza kwa ushujaa mwanzoni na kuacha mapema, kabla hewa haijaisha. Mhamasishaji mwenye sauti, anayesema "endelea, endelea, endelea" kwa Kiswahili cha kijiweni, ana thamani kuliko spirometa ya bei kubwa.

Kulinganisha kabla na baada ya zamu kuna mtego: uwezo wa kupuliza hupanda na kushuka kwa saa za siku hata kwa asiyevuta moshi wowote. Dereva aliyepimwa alfajiri na jioni amebadilika kwa saa na kwa moshi pamoja. Mpime siku yake ya mapumziko kwa saa zilezile. Na amueni mapema mtatumia milinganyo ipi ya kukadiria mapafu ya kawaida. Ile ya GLI, mpango wa kimataifa wa vipimo vya mapafu, ya 2012 haikuwa na kundi la Waafrika wa kusini mwa Sahara, watu wakaazima kundi la Wamarekani weusi. Toleo la baadaye limeondoa rangi kabisa. Dereva mmoja anaweza kuwa "wa kawaida" kwa moja na "chini" kwa nyingine. Kwa mabadiliko ya mtu yuleyule, baki na lita.

Kipimo cha kaboni monoksidi kwenye pumzi hutumika kutambua wavutaji sigara, mpaka ukiwekwa kati ya ppm (sehemu kwa milioni) 6 na 10. Kwa dereva mwenye manifoldi inayovuja kipimo hiki hudanganya; atahesabiwa mvutaji na hajawahi kushika sigara. Gesi hiyo huchukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu damuni. Pima kotinini, mabaki ya nikotini, kwenye mkojo, na namba ya pumzi ipeleke kwa fundi. Uliza pia nyumbani wanapikia nini: mkaa, kuni, mafuta ya taa au gesi.

Saa

Hakuna kosa lililo la kwetu kama hili. Kinasa GPS hutumia saa ya dunia, nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Sensa imewekwa saa ya kompyuta ya aliyeifungua. Spirometa ina saa ya kiwandani. Na dereva, kwenye shajara yake, ameandika "nimeanza saa 11, nimekula saa 6, nimemaliza saa 3". Karani mwenye haraka anaingiza 11:00, 06:00 na 03:00. Siku nzima imehama kwa saa 6, na foleni ya asubuhi imeangukia mtu akiwa amelala. Uchambuzi hautapiga kelele. Utakuambia tu kwamba hewa na mapafu havina uhusiano.

Shajara iwe na safu za alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, dereva atie saa anavyoitaja, na mhojaji aigeuze kuwa ya saa 24 hapohapo mbele yake. Uwe makini na "usiku wa Ijumaa": kwa wengine, hasa wa pwani, ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Kila asubuhi vifaa vyote vilingane na simu moja, na picha ya skrini zao ipigwe pamoja na simu hiyo. Kisha kagua kwa GPS: shajara ikisema amepumzika na gari linakwenda kilomita 40 kwa saa, kuna kitu cha kurekebisha.

Majibu

Usilinganishe wastani wa zamu ya saa 12 na mwongozo wa WHO wa 2021 wa PM2.5, mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, kana kwamba ni kitu kimoja. Ule ni wa saa 24. Ongeza hewa ya nyumbani na usiku, au sema wazi kwamba ni ya zamu peke yake.

Dereva apewe karatasi yake kwa Kiswahili, ana kwa ana: mapafu yake yamesoma nini, na kama kuna tatizo, jina la kliniki na siku ya kwenda, nauli ikiwa ndani ya bahasha. Yasiyo ya kawaida yasisubiri uchambuzi uishe. Gari likikutwa linavujisha ekzosi ndani ya gari lenyewe, habari itolewe siku hiyohiyo, kwa dereva na kwa mwenye gari pamoja, kwa sababu dereva akiambiwa peke yake hana fedha ya kurekebisha, na mwenye gari akiambiwa peke yake si yeye anayepumua.